Dakika Moja ya Kumkumbuka Shangazi Elisifa

Jumatatu, 25 Mei

Masama. Mvua tangu alfajiri. Niko kwa Mama, kwenye chumba nilichokuwa nalala nikiwa darasa la nne. Kitanda kilekile. Miguu inatoka nje.

Barua ya kamati ya nidhamu nimeisoma tena. Mara ya arobaini labda. Haijabadilika. Mimi, Eliakim Ulomi, golikipa, nimesimamishwa timu ya taifa mpaka meneja wa timu aridhike kwamba nimeomba radhi kwa dhati. Kwa dhati! Nani anaipima dhati? Kwa mizani gani?

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Miaka tisa timu ya taifa. Mechi nilizocheza, nne. Mechi nilizokaa benchi, sitini na moja. Hakuna Mtanzania aliyetazama mpira wa kimataifa kwa karibu kuliko mimi. Nina miaka thelathini na tano. Na mwezi huuhuu kipa namba moja kaumia goti, miezi sita nje! Miaka tisa namwombea afya njema, kwa mdomo. Goti limekubali, na mimi nimefungiwa.

Kosa lenyewe dogo. Mwezi wa tatu, kambini Arusha, nilimwambia meneja wetu, Mzee Filemon wa Marangu, kwamba Shangazi Elisifa amefariki, naomba nikazike. Nikaruhusiwa. Shangazi hakuwa amefariki. Kulikuwa na mbuzi wa ukoo.

Kwetu mbuzi akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Kidari, baba akishatangulia, ni cha mtoto wa kwanza wa kiume. Anakabidhiwa mbele ya watu, anapokea kwa mikono miwili. Mtoto huyo ni mimi. Lakini miaka miwili mfululizo nilikuwa benchi kwenye nchi za watu, na kidari kikapokelewa na mdogo wangu Isack. Angepokea mara ya tatu, watu wangezoea. Na mtu akishazoeleka kwenye nafasi, kumtoa ni kazi. Hilo sikulisoma kitabuni.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kule kambini walisimama dakika moja. Timu nzima! Vichwa chini, vitambaa vyeusi mkononi, kwa ajili ya Shangazi Elisifa. Jovin, kipa wa tatu, kijana wa juzi tu, akalia. Na jioni binamu yangu Pamela akarusha picha mtandaoni. Mimi na kidari, mafuta mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yangu marehemu, anacheka meno yote nje.

Magazeti yakaita "sakata". Sawa.

Kikosi kipya kinatangazwa Jumamosi, tarehe 6 Juni. Kocha ni mgeni, kasema mambo ya mashangazi yamemshinda. Mzee Filemon akisema nimesamehewa, basi nimesamehewa. Nisipokuwemo safari hii, sitaitwa tena. Siku kumi na mbili. Kuna kitu nakifikiria.

Jumanne, 26 Mei

Isale! Nimelala na wazo mbele ya macho yangu, nje ya dirisha kabisa.

Kila Mchagga anajua. Umemkosea mtu, ukampelekea jani la isale, hawezi kukataa kukusamehe. Watu waliotaka kukatana mapanga wamekaa chini kwa ajili ya jani hili. Na Mzee Filemon ni Mchagga wa Marangu. Hana pa kukimbilia. Jani litamfunga mikono.

Nikakata moja nyuma ya banda la ng'ombe, nikalipiga fundo. Niende mwenyewe? Hapana. Ukienda mwenyewe unaulizwa maswali. Nikalilaza kwenye boksi, juu nikapanga maparachichi ishirini, nikashuka Bomang'ombe. Nikalikabidhi kwa kondakta wa basi la Moshi, na kutoka Moshi lipandishwe Marangu, namba ya mzee nimeandika juu kwa kalamu nene. Kondakta akauliza kama mimi siye yule kipa wa shangazi. Nikasema siye. Akasema basi pole tu kwa kufanana naye.

Mama akauliza nilikuwa wapi. Nikasema nanyoosha viungo.

Alhamisi, 28 Mei

Boksi limerudi.

Maparachichi hayamo. Isale limo, limenyauka, pamoja na karatasi. Mwandiko wa Mzee Filemon, ule wa kulala upande mmoja. Anashukuru kwa maparachichi, familia imefurahi sana. Kuhusu isale, anasema jani siyo kifurushi. Isale huletwa na mkosaji kwa miguu yake, akiwa na mkubwa wake wa upande wa baba, na mkosaji hufungua mdomo akataja alichofanya. Yeye yupo nyumbani mpaka Ijumaa ijayo mchana, baada ya hapo anakwenda kazini.

Mkubwa wa upande wa baba. Nikaanza kuhesabu. Baba, marehemu. Baba mkubwa, marehemu. Baba mdogo, marehemu. Hao wamekufa kweli, wana makaburi. Aliyebaki ni mmoja.

Shangazi Elisifa. Loo!

Hajaniongelesha tangu mwezi wa tatu. Habari za kifo chake alizisikia redioni, jioni ileile ya mbuzi, akikamua. Mtangazaji akampa pole kipa wa taifa kwa kufiwa na shangazi yake, Elisifa wa Masama. Mama anasema alimaliza kukamua kwanza, ndipo akakaa chini. Kesho yake wakapanda watu kutoka Bomang'ombe na sukari na mkungu wa ndizi, wamekuja kufariji. Marehemu akawapokea mwenyewe mlangoni. Akawapikia chai kwa sukari yao.

Kijiji kizima kinacheka hadithi hiyo. Mbele za watu nami nacheka. Nikiwa peke yangu najisikia vibaya, na sijui nifanyeje na hiyo hali.

Ijumaa, 29 Mei

Mpango mpya, kupitia kwa Isack. Yeye humkatia Shangazi majani ya ng'ombe kila asubuhi. Anaingia pale kama kwake. Nikamkuta anakatakata migomba kwa ajili ya ng'ombe wa Mama, nikamweleza kwa ufundi. Amwambie Shangazi nimekonda. Amwambie sili. (Nilikuwa nimetoka kula bakuli mbili za mtori, lakini hilo halimhusu Shangazi.)

Isack akaendelea kukata. Kisha akaniuliza kama kweli nilirudi kwa ajili ya kile kidari. Nikasema nilirudi kwa ajili ya mila. Akasema yeye kidari hakipendi, kina mafuta mengi. Mara zote mbili alikipokea, akampa Mama, Mama akakipikia mtori. Akasema, bila hata kuniangalia:

"Kaka, ningejua unakitaka hivyo ningekuletea kambini kwenye hotpoti."

Kwenye hotpoti! Ama Isack ni mjinga, ama ni mjanja kuliko nilivyodhani. Mtu anayejifanya hakitaki kitu ndiye wa kumwogopa. Namjua mtu wa aina hiyo. Miaka tisa nimejifanya siitaki namba moja.

Lakini nimefikiria pia jambo jingine, wakati narudi. Kwenye klabu niligombea nafasi. Timu ya taifa niligombea. Kila mahali majaribio, vipimo, dakika za kupasha misuli halafu ukae. Pale nyumbani tu, mbele ya yule mbuzi, mimi ni namba moja kwa kuzaliwa. Hakuna kocha. Hakuna majaribio. Isack alibaki hapa, anamlea Mama, anajua ng'ombe gani ana mimba. Mimi nina kidari. Siyo kingi, lakini ndicho nilicho nacho.

Jumapili, 31 Mei

Kanisani. Mpango ulikuwa rahisi. Nikae jirani na Shangazi, nimfungulie kitabu cha nyimbo ukurasa wenyewe, macho yake yameanza kusumbua. Heshima ya kimyakimya. Moyo ulainike.

Nikamfungulia. Akaimba beti zote nne kwa kichwa, akiangalia mbele.

Yakaja matangazo na shukrani. Fulani amefaulu mtihani. Fulani ng'ombe wake amezaa salama. Kisha mchungaji akasoma kwamba Elisifa Ulomi anamshukuru Mungu kwa kuwa hai. Akasita hapo. Karatasi nadhani iliishia hapohapo. Kanisa zima likageuka, na halikumwangalia Elisifa Ulomi.

Nje, mlangoni, nilijipanga kwenye ngazi ili asinipite. Nikasema shikamoo. Marahaba haikuja. Akamwambia Isack, mimi nikiwa hatua moja mbele yake:

"Mwambie mwenye msiba asisimame njiani. Marehemu anapita."

Nikasogea.

Jumatatu, 1 Juni

Siku mbaya kuliko ile ya mabao matano.

Niliamka na uamuzi wa kiume. Nampelekea Shangazi isale mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikishamaliza naye, yeye anipeleke kwa Mzee Filemon. Mawili kwa siku moja. Nyuma ya banda yamebaki vijani vidogo vya kusikitisha, na Shangazi siyo mtu wa kupelekewa kitu kidogo. Ukungu mzito, mtu huoni mgomba wa tatu. Nikateremka njia ya kwake, na pale kwenye kona nikaona isale moja limesimama peke yake, refu, limenyooka, majani yanameta. Zuri mno! Nikalikata chini kabisa.

Alikuwa mlangoni. Nikainama, nikalinyoosha kwa mikono miwili. Akaliangalia sana. Nikajua linafanya kazi. Akaniuliza nimelikata wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Masale yale ni mpaka. Kona ya kihamba cha Shangazi, shamba lake la migomba, na chetu. Babu aliyapanda kwa mkono wake, mbele ya wanawe wote watatu, kwa sababu Shangazi hakuolewa na babu alitaka awe na pake, asije akasogezwa na kaka zake wala watoto wao. Yale masale ndiyo hati yake. Hana karatasi nyingine. Hilo nalijua tangu utotoni. Kila mtoto wa pale anajua, tulichapwa kwa kuyachezea. Nimekwenda kumwomba msamaha Shangazi kwa kumng'olea mpaka.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kwanza umenizika," akasema. "Sasa unagawa na shamba."

Akaingia ndani.

Jumanne, 2 Juni

Mama ameshasikia. Isack ameshasikia. Muuza maziwa ameshasikia, kaniita "bwana ardhi".

Mama hakunigombeza, alinipa jembe tu. Akasema isale ukilikata, shina ukalirudisha ardhini, linashika. Halifi kirahisi, ndiyo maana wazee walilichagua. Akasema pia kwamba mimi nalipenda jani kwa sababu halisemi. Nataka liseme kwa niaba yangu. Isale ni la kushika mkononi wakati unasema, siyo la kukusaidia usiseme. Nikamwambia ningeambiwa mapema. Akasema nimeambiwa mapema, nikiwa na miaka sita.

Nimeshinda mpakani kwenye mvua. Nikachimba, nikalipanda shina mahali palepale, nikapima kwa kamba kutoka isale la juu mpaka la chini, lisiingie kwetu wala kwake hata upana wa kidole. Shangazi alikuwa mlangoni muda wote, kajifunika kanga. Hakuja karibu. Hakuondoka pia.

Mchana Jovin akapiga simu. Sasa watu wanamtaja yeye kuwa kipa wa kwanza, na kwa hofu hali chakula. Ananiita "bro". Anasema ananikumbuka tangu kambi ile ya mwezi wa tatu, akaniuliza kuhusu penalti, mpigaji akija kwa mguu wa kushoto yeye aruke wapi. Ananiamini mimi tu. Nikamwambia siku zote aruke kulia. Hata akiona mpira unakwenda kushoto? Hasa hapo. Akanishukuru sana.

Baada ya kukata simu nilikaa nikaangalia matope kwenye mikono. Nilitaka kumpigia tena. Salio lilikuwepo. Sikupiga.

Alhamisi, 4 Juni

Leo nimekwenda.

Isale dogo la nyuma ya banda, mojawapo ya yale yaliyobaki. Mama kanijazia mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, naye akaja. Isack akaja na majani yake ya ng'ombe. Shangazi alikuwa uani kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

Nikaanza. Nikasema kulitokea kutoelewana kati yangu na uongozi wa timu. Shangazi akaendelea kuchambua. Nikasema niliteleza, binadamu hatujakamilika. Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa karibu na mguu wangu. Mama akakohoa.

Basi nikasema. Nilimwambia Mzee Filemon kwamba umekufa. Haikuwa kweli. Nilifanya hivyo ili nije nipokee kidari. Watu wakasimama dakika moja kwa ajili yako, na muda huo mimi nilikuwa nakula. Kisha nimekata mpaka wako. Nimekosa. Sentensi fupi zote. Zilinichosha kuliko dakika tisini.

Akaacha maharage. Akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu mwezi wa tatu.

"Upande wa mama yako una mashangazi wakubwa watatu, wagonjwa. Kwa nini uliniua mimi?"

Hao ni mama zangu wakubwa, lakini sikumsahihisha. Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimeliandaa siku nne. Likapotea. Likabaki la kweli.

Nikamjibu kwamba Mzee Filemon ameombwa ruhusa miaka thelathini, uongo anaunusa mlangoni. Nilihitaji kulia. Nikiwa nje ya ofisi yake nilimjaribu kila mtu kichwani, mmoja mmoja, machozi hayakuja. Nikamfikiria Shangazi juu ya mparachichi. Nikalia mpaka nikapewa maji.

Parachichi likianguka linachubuka, halinunuliki. Yeye alikuwa anapanda juu na fimbo ya kuangulia, mimi nina miaka saba, niko chini, nadaka. Asubuhi nzima. Nikikosa moja alikuwa hanigombezi, alisema, "Usilifuate kwa mikono. Lifuate kwa miguu, mikono itakuja." Nimefundishwa na makocha kumi na wawili, wazungu wanne. Hakuna aliyeongeza kitu hapo.

Kuku akaja akala yale maharage.

"Kwa hiyo ulinilia," akasema Shangazi.

Nikasema ndiyo.

"Sana?"

Nikasema mpaka Mzee Filemon mwenyewe akatoa kitambaa.

Akalichukua isale. Akalichomeka kwenye kanga, kiunoni. Akanywa mbege kwenye kata, akanipa kata nami nikanywa. Kisha akasema jambo ambalo nimeona niliandike kama alivyolisema.

"Siku nikifa kweli, hao watu wako hawatakuamini. Basi usiombe ruhusa. Njoo tu."

Isack ndiye aliyejibu, akasema atanileta.

Ijumaa, 5 Juni

Marangu, na Shangazi kavaa gauni la Pasaka. Tulifika saa nne. Mke wa Mzee Filemon alipofungua mlango akamwangalia Shangazi, akaniangalia mimi, akakaribisha marehemu kwenye kiti kizuri.

Nilisema yote tena. Mara ya pili ni rahisi kidogo, siyo sana. Mzee Filemon alisikiliza kashika isale, analizungusha. Mimi nilingoja anigombeze. Akasema mwezi wa pili, kabla ya mambo haya, shangazi yake mwenyewe alizikwa huku Marangu, na yeye alikuwa kambini anashughulikia tiketi zetu. Hakuomba ruhusa. Alidhani ataonekana hana msimamo. Mwezi uliofuata mimi nikaja na machozi yangu, akasema angalau huyu aende. Ile dakika moja, akasema, wengine walimsimamia Elisifa. Yeye alikuwa anamsimamia wa kwake.

Nilitaka ardhi inimeze, na siyo kwa kusema tu.

Shangazi ndiye aliyeokoa hali. Akasema dakika siyo chakula kwamba imeliwa ikaisha, na kama wapo marehemu wawili waliogawana, hajaona kosa. Mzee Filemon akacheka, akapangusa macho, akaliweka isale juu ya kabati penye picha za familia. Akamwambia Shangazi mechi ni tarehe 13 pale Arusha, atamwekea kiti karibu na chake, watu wamwone kwa macho. Shangazi akasema atakuja kama ng'ombe watakuwa na wa kuwakamua.

Njiani kurudi alilala begani kwangu kuanzia Himo. Sikusogea mpaka Moshi, na bega liliingia ganzi.

Jumamosi, 6 Juni

Saa saba mchana. Redio ya Mama, sisi wote jikoni. Makipa. Jina la kwanza, Jovin. La pili, Eliakim Ulomi!

Mama akapiga vigelegele. Isack akanipiga mgongoni. Shangazi, aliyekuja "kurudisha kibuyu" tu, akasema sauti ya mtangazaji ni ileile iliyomuua, sasa imetubu. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi mara ya kwanza kuitwa. Mara ya kwanza sikujua ni kitu cha kupotea.

Jioni nikapita mpakani. Shina nililolipanda lina mchipuko mmoja, mdogo kama ukucha. Nikajiapiza hapo hapo, kofia mkononi. Mimi na uongo, basi.

Alhamisi, 11 Juni

Kambini, Arusha. Baridi. Mazoezi ya asubuhi, penalti.

Jovin karuka kulia. Kadaka. Karuka kulia tena. Kadaka! Wapigaji watatu wa mguu wa kushoto, wote wamepiga kulia kwake, kama waliopangana. Mpira wa nne ulikwenda kushoto, yeye karuka kulia, ukagonga mwamba ukamrudia mikononi. Kocha akapiga makofi. Jovin akanikimbilia, akanikumbatia mbele ya timu nzima, akasema siri yote kapewa na bro Eliakim. Jumamosi anaanza yeye. Mzee Filemon kaniambia kwa upole kwamba moyo wangu wa kumfundisha kijana umemgusa sana.

Benchi ya sitini na mbili, basi. Sikuumia kama nilivyotegemea. Niliumia tu kawaida.

Mchana Isack kapiga simu. Ukoo umekaa, umeamua mtu aliyezikwa redioni akawa hai hawezi kupita bila mbuzi. Mbuzi wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya Shangazi, kesho Ijumaa saa sita mchana. Niliuliza kwa utulivu kuhusu kidari. Isack akasema nisijali, atakipokea kwa niaba yangu, atakiweka kwenye friji mpaka nije.

Kwa niaba yangu! Kwenye friji!

Hiyo ni mara ya tatu. Nimekaa kitandani nikafikiri kwa makini, kama mtu mzima. Kesho hakuna mechi, kuna mazoezi mepesi tu, na kipa wa akiba kwenye mazoezi mepesi ni sawa na koni. Kutoka hapa mpaka Masama siyo mbali. Saa kumi nimerudi. Na mimi siyo yule wa mwezi wa tatu, nimejifunza. Sitaua mtu tena kamwe. Shangazi ataumwa tu, tena kidogo, kifua, baridi hii inaaminika. Jumamosi atakaa karibu na Mzee Filemon akiwa mzima kabisa. Watu hupona.

Machozi nayo yapo. Nimejaribu sasa hivi, nikamfikiria juu ya mparachichi, yakaja mara moja.

Na nikosee vipi, wakati safari hii nimejiandaa? Isale la kuombea radhi lipo tayari kwenye begi la glovu, limefungwa fundo, kwenye kitambaa kibichi lisinyauke. Nililikata Jumatatu nikiondoka. La mpakani, lile la juu. Yale ya nyuma ya banda ni madogo mno.